Sura ya Tano: Bibi wa Juu ya Mlango

Jiwe la mjini Columbus lilikuwa la saruji. Kefa Nyabuto alilikwaruza kwa ufunguo wa gari, likatoa unga laini kama wa chaki. Mwenye duka la vitu vya kale, ambaye alikuwa bado anaapa kwamba limechongwa na watawa wa Ayalandi kabla Vasco da Gama hajazaliwa, akashikwa na kikohozi.

"Hao watawa," Kefa akamuuliza, "walikuwa na kiwanda cha saruji?"

"Walikuwa watu wa maendeleo," akajibu yule bwana bila kupepesa.

Kefa alicheka hadi akalishika jiwe lenyewe asianguke. Huwezi kumchukia mtu anayedanganya kwa ufundi kiasi hicho. Alimshukuru, akarudi garini, akashika njia ya kaskazini kuelekea Buffalo akiwa na mikono mitupu.

Siku moja kabla alikuwa Louisville, kwa mshukiwa wake mkuu. Bwana Tackett hununua mawe ya kale kama wengine wanunuavyo nyanya, na mara mbili alikuwa amekuja Buffalo kubembeleza auziwe lile jiwe la kanisa ambalo Kefa alikuwa analitafuta. Alipoambiwa limeibwa, alikaa chini palepale kwenye ngazi ya duka lake akabubujikwa na machozi. Kisha akatoa simu akaonyesha picha: Ijumaa na Jumamosi alikuwa kwenye sherehe ya mama yake mzazi, amevaa kofia ya karatasi, anacheza. Kefa, mtu wa kufuata utaratibu, alimpigia simu mama mwenyewe. Mama akathibitisha kila kitu, akaongeza bila kuulizwa kwamba mwanawe hajui kucheza.

Basi milango miwili ilikuwa imefungwa, na Jumatano ilikuwa imekwisha kucha.

Tuseme sasa jiwe lenyewe lilikuwa nini, maana si kila mtu amepita mtaa wa Lower West Side akainua macho. Kanisa la Mtakatifu Gobnata lilijengwa na Waairishi, watu wa Ayalandi, waliokuja Buffalo kuchimba mfereji na kupakua nafaka bandarini. Walikuwa maskini wa kutupwa, lakini walijenga kama wafalme. Mnara wao ni wa mviringo, mwembamba, una kofia ya mawe iliyochongoka kama penseli, mfano wa minara ya watawa wa kwao. Mlango wa mbele una matao yaliyopangwa moja ndani ya jingine, kila tao limechongwa mikunjo kama ukili. Na juu kabisa ya mlango, walipachika jiwe walilokuja nalo melini kutoka Korki, kwao Ayalandi: mwanamke mwenye kipara, mbavu nje, kinywa kimetanuka kwa kicheko, amechuchumaa uchi na kupanua magoti, akiwaonyesha wapitao njia ileile ambayo sisi sote tulipitia kuja duniani. Haoni haya hata kidogo. Wataalamu wanasema huko Ayalandi wanawake kama yeye wamekaa juu ya milango ya makanisa na ngome kwa karne nyingi. Wengine husema anafukuza mabaya, wengine kwamba analinda wanawake wanaojifungua. Kila mtaalamu ana lake. Yeye anacheka tu.

Waairishi walihamia vitongojini, kanisa likauzwa, na Wakongo wa Kivu ndio waliolikodi wakalijaza nyimbo. Sasa kampuni yenye jengo ilitaka kulibomoa iweke maegesho ya magari. Tumaini lilikuwa moja: Kamati ya Urithi ya jiji ikiliandika kanisa kuwa urithi, hakuna mwenye ruhusa ya kuligusa hata kwa nyundo ya kuvunjia karanga. Na kamati ilikuwa imesema wazi kwamba makanisa ya matofali mekundu yamejaa Buffalo. Kinachowaleta ni yule Bibi wa jiwe. Bila yeye, maegesho.

Kamati ilikuwa imepanga kuja Ijumaa. Jumatatu ikatuma habari kwamba itakuja Jumatano, saa tisa alasiri. Nayo Jumapili, siku moja baada ya harusi kubwa ya Séphora, binamu ya mkewe Kefa, waumini walikuwa wameinua macho wakaona, mahali pa Bibi, shimo.

"Kefa, mwanangu," alisema Padri Sipriani asubuhi ile mbele ya mlango, "umeleta nini toka Columbus?"

"Kicheko, Padri."

"Bon. Hicho kamati haitaandika."

Kefa alikuwa mpelelezi mwenye leseni. Alikuja Buffalo kusoma, akabaki, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchunguza madai ya bima: watu wanaodai wamevunjika mgongo huku wanaonekana wakicheza mpira wa wavu. Alioa Josiane wa Bukavu, na pamoja naye akapewa ukoo mzima wa wakwe bila kuuomba. Kanisa lilipoibiwa, hakuulizwa kama ana nafasi.

"Nipe ngazi," akasema. "Nilianza vibaya. Nilimtafuta mwizi kabla sijalisoma shimo."

Alipanda. Padri akashika ngazi na kufumba macho, maana alikuwa anaogopa kimo hata cha mtu mwingine.

Ndani ya shimo chokaa ya zamani ilikuwa imekwanguliwa taratibu, pembe zote nne, bila tofali la jirani kuchubuka. Hapakuwa na alama ya nyundo wala ya mtaimbo. Kefa alipitisha kidole chini ya shimo: safi. Alishuka, akapiga magoti kwenye kizingiti, akatazama kwenye nyufa za mawe. Safi vilevile.

"Padri, umewahi kuibiwa?"

"Goma, mara nyingi mno."

"Mwizi gani alikufagilia?"

Padri alifumbua macho. "Hakuna."

"Huyu amefagia. Tena amefuta na kitambaa chenye maji." Kefa akatoa simu, akafungua picha za harusi ambazo ukoo mzima ulikuwa umezimwaga kwenye WhatsApp. Séphora na bwana harusi wanatoka, watu wanapiga vigelegele, na juu ya vichwa vyao, badala ya Bibi, shada nene la maua meupe. "Haya maua nani aliyaweka?"

"Ba mama wa mapambo," akajibu Padri, yaani akina mama kwa Kiswahili cha Kivu. "Nilisema ni mazuri."

"Ni mazuri. Lakini tazama hapa, shina limeingia ukutani. Huwezi kuchomeka ua kwenye tumbo la jiwe. Shimo lilikuwapo tayari Jumamosi asubuhi. Sote tulipita chini yake tukiimba."

Ndipo Kefa alipopanda gari kwenda Lackawanna, mji wa jirani. Sababu ilikuwa rahisi: jiwe lile lina uzito wa ng'ombe mwenye huzuni, na katika jumuiya nzima mtu mmoja tu ana pikapu, mabega ya kutosha na mazoea ya kuinua mizigo bila kuuliza. Huyo ni Nshombo, anayeendesha mashine ya kuinulia mizigo ghalani. Ndiye yule ambaye Novemba, theluji ilipoifukia Lackawanna hadi paani, alitoka nyumbani kwa dirisha la ghorofani, akateleza juu ya magari ya watu hadi kazini, na bado msimamizi akamwandikia amechelewa.

Alimkuta nje wakati wa mapumziko, anakula wali na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli.

"Inspecteur! Karibu. Unakula?"

"Nimekula, kaka. Ijumaa ulibeba nini kwa pikapu?"

"Muzigo."

"Muzigo gani?"

"Ya ba mama."

"Ulikuwa mzito?"

"Muzigo ya ba mama yote iko nzito."

"Ulitazama ndani?"

Nshombo aliweka kijiko chini kwa heshima, kama mtu anayetaka kumfundisha mdogo wake. "Inspecteur, weye uko na bibi. Bibi yako akikupatia sac ubebe, unafungulaka?"

Kefa alifikiri juu ya Josiane. "Hapana."

"Voilà. Mimi vilevile."

"Uliutua wapi?"

"Kwa Mama Laurentine, kule East Side. Mbele ya mulango. Ba mama bengi bakaushika, bakasema asante, njo basi. Donc, mimi niko chauffeur tu."

Kefa alikaa kidogo nyuma ya usukani bila kuwasha gari. Mama Laurentine! Mama wa bibi harusi, kiongozi wa kwaya, dada wa mama yake Josiane. Yaani mama mkwe wake Kefa kwa haki zote. Mwanamke ambaye akiona sindano ya mtu chini hutangaza kanisani. Ameliiba? Kwa nini? Amwuzie nani?

Mama Laurentine alikuwa jikoni. Kefa alipobisha tu, alijifunika kichwa na uso kwa kitenge, akageukia jiko, akampa mgongo. Hivyo ndivyo alivyomfanyia tangu siku ya mahari. Kefa, aliyezaliwa Kisii, hakuona ajabu. Kwao pia mkwe na mama mkwe hawaangaliani ovyo.

"Shikamoo Mama."

"Sufuria," Mama Laurentine akaiambia sufuria, "ambia mukwe wangu marahaba. Muulize Josiane na batoto."

"Hawajambo. Mama, nimekuja kwa ajili ya jiwe."

Mwiko ulisimama katikati ya mchuzi.

"Sufuria," ikaja sauti ndogo, "sijasikia kitu."

"Lililetwa hapa Ijumaa."

"Sufuria, ambia mukwe iyo maneno haisemwake. Si hapa. Si mbele yake." Mgongo ule ulitetemeka, na Kefa hakujua kama ni kilio. "Nyumba iko yake. Atafute."

Akatafuta. Alitafuta kama alivyofundishwa, kutoka chini kwenda juu. Chini ya nyumba alikuta magunia ya unga wa muhogo, na akainua kila moja. Kwenye gereji alikuta baiskeli na ngoma za kwaya. Aliangalia nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya friza kubwa, akatazamana na vichwa vya samaki. Sebuleni alisogeza makochi. Aliinua hata zulia, kana kwamba mwanamke wa mawe anaweza kulala bapa kama chapati. Hakuna kitu. Kila alipopita jikoni, mgongo uleule, sufuria ileile.

Alitoka nje akiwa amelowa jasho. Josiane, aliyepigiwa simu na Kefa, ndiyo kwanza anafika, ameomba ruhusa kazini kwenye nyumba ya wazee anakotunza vikongwe.

"Amekubali?" akauliza.

"Amekataa. Lakini mtu mwenye hatia hunitazama usoni na kuniapia, Josy. Miaka yote ya bima, ndivyo wafanyavyo. Huyu kanigeuzia mgongo."

"Anakugeuziaka mgongo siku zote."

"Najua. Ndiyo maana sijui niusome vipi."

Saa ya gari ilisema nane na ushei. Kefa akachora nyumba kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha gari: sebule, jiko, gereji, chini, chumba cha wasichana. Alikuwa ameingia kote. Halafu kidole kikasimama. Hapa kando kulikuwa na pembe moja tupu, ambayo hakuichora. Hakuwa ameiacha kwa uvivu. Miguu yake yenyewe ilikuwa imeikwepa, kama mtu akwepavyo shimo kwenye njia anayoijua.

"Lo, salaale," akasema polepole. "Mimi nimepekua kote anakoweza kwenda mkwe."

"Unasema nini?"

"Chumba chake cha kulala. Hakuna mkwe mume duniani atakayefungua mlango wa chumba cha mama mkwe. Ungekuwa unataka kunificha kitu mimi, si polisi, mimi, ungekiweka wapi?"

Josiane aliufunika mdomo.

"Ngoja, hujasikia la pili," Kefa akaendelea, sasa maneno yanamtoka kama maharagwe yaliyochemka. "Kwa nini aliondolewa kabla ya harusi? Jumamosi nani alikuja toka Columbus? Mama Bagula, mama wa bwana harusi. Mashemeji, ma-onkli, basi zima. Sasa Mama Laurentine apite mlango ule bega kwa bega na wakwe zake wapya, na juu yao yule Bibi, miguu hivi!"

"Usionyeshe," Josiane akamkata.

"Sionyeshi. Lakini unaona? Ni aibu ya kuhama mji. Hakuiba jiwe. Amelistiri."

Josiane alikuwa tayari ameshaingia. Kefa alisimama ukumbini, uso ameuelekeza ukutani kwa adabu, akasikia mlango wa chumba ukifunguliwa, kisha kicheko cha mkewe kilichogeuka kuwa kwikwi.

"Kefa! Yuko kitandani! Wamemlaza, wamemfunga kitenge, wamempa na mto, kama mzazi wa leo!"

"Usimufunue!" Mama Laurentine alipiga kelele toka jikoni, akisahau sufuria. "Iko na baridi! Na toka alale hapo mgongo haijaniuma tena!"

Yote yakatoka sasa, jikoni, Josiane akiwa katikati kama simu ya upepo. Ndiyo, ba mama wa kwaya walimtoa usiku wa kuamkia Jumamosi, wakakwangua chokaa taratibu kwa visu vya kumenyea muhogo. Walipanga kumrudisha Alhamisi, Mama Bagula akishapanda basi la Columbus. Kamati si ilikuwa ije Ijumaa? Lakini Padri alipotangaza "wizi," na jiji likaleta siku karibu, Mama Laurentine alikosa mlango wa kusemea. Aseme kwa Padri? Aseme kwa mkwe? Na Mama Bagula bado yuko mjini!

"Tantine," Josiane akamwambia, "wakileta tingatinga, utaimba wapi?"

Mama Laurentine alizima jiko.

Saa tisa ilipogonga, Nshombo alikuwa ndiyo anashusha mzigo mbele ya kanisa, ameitwa toka ghalani na nguo zake za kazi. Kamati ilikuwa imeshafika. Mwenyekiti wao, Bi Noreen Hanratty, mzee mwembamba mwenye fimbo, alikuwa akilitazama shimo kama mtu anayetazama pengo la jino lake mwenyewe. Kando yake wakili wa kampuni, mwenye tai ya samawati, alitabasamu. Waumini walijaa ngazini, na mbele kabisa, amevaa kilemba chake kizuri, Mama Bagula.

"Wapangaji wameng'oa jiwe," wakili akasema. "Wenyewe. Linatoka chini ya blanketi, mmeona. Watu wa namna hii mtawakabidhi urithi wa jiji?"

Bi Noreen alimgeukia Padri. "Nataka kujua nani amelitoa, na kwa nini. Nisiposikia sababu ya kueleweka, naona aibu kusema, lakini bwana huyu ana hoja."

Padri akamtazama Kefa. Kefa alijua jibu lote, kila kipande, na hakuweza kulitamka: mama mkwe wake alikuwa amesimama pale. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa amefumbua fumbo ambalo adabu imeliziba.

Basi Mama Laurentine akatoka mbele. Aliwageuzia mgongo Kefa, na bwana harusi, na wakwe wote wa kike na kiume, hadi ikabidi ausemeshe ukuta wa kanisa. Josiane akasimama kando yake akiitafsiria kamati kwa Kiingereza.

"Ni miye. Miye na ba mama. Hatukumuchukia. Tunamupenda. Tuliambiana, mama huyu alivuka maji mengi, sawa siye. Lakini binti yangu aliolewa, na mukwe wangu atoke mbali, apite chini ya... chini ya vile iko. Nilikufa haya mbele yake. Nikamupeleka kwangu alale. Hata kipande moja hakijavunjika. Mutazame. Kama ni kosa, iko yangu, si ya kanisa."

Mtu alianza kucheka. Wote waligeuka. Alikuwa Mama Bagula, mikono kiunoni, kilemba kinatikisika.

"Laurentine! Dada yangu! Mimi nilishamuona huyo mama wakati wa fiançailles, ile siku ya uchumba, mwezi wa pili, na baridi yote ile, hajavaa kitu! Tangu siku ile minapitiaka mulango wa kando, weye usipate haya mbele yangu!"

Wanasema kicheko kile kilisikika hadi ng'ambo ya mto, Kanada, na askari wa mpakani akauliza nani anaolewa. Nshombo alilazimika kuliweka jiwe chini. Padri alijifuta macho kwa kanzu. Bi Noreen, Josiane alipomtafsiria, aliiangusha fimbo yake na hakuiokota.

"Nimefundisha historia ya sanaa maisha yangu yote," akasema alipopata pumzi. "Nimeona mawe kama haya nyuma ya vioo vya makumbusho, yamekufa kabisa. Hakuna anayeyaonea haya tena. Hili bado linawaondoa watu usingizini." Aliinama, akapapasa pembe za jiwe, moja baada ya nyingine. "Halina mchubuko. Mafundi wetu wa jiji wangelitoa vipande vitatu."

"Lakini, Bi Hanratty..." wakili alianza.

"Umeshasema. Nshombo, ndilo jina lako? Lirudishe."

Nshombo alipanda, Kefa na bwana harusi wakamsukumia toka chini, wakilipa jiwe migongo yao kwa kadiri inavyowezekana kuinua kitu bila kukitazama. Likaingia mahali pake, likakazwa kwa kabari za mbao hadi chokaa ichanganywe. Bibi akatokea tena juu ya dunia, kinywa wazi.

"Kura," akasema Bi Noreen. Mkono wa kwanza ulipanda, wa pili, wa tatu. Kijana wa kamati aliyekuwa akiandika aliweka kalamu mdomoni ili ainue wake. Bi Noreen alihesabu kwa macho, akaongeza wa kwake. "Kanisa la Mtakatifu Gobnata limeandikwa. Mlango, mnara, na yule mwanamke. Hakuna atakayevunja kitu hapa."

Vigelegele vilipasuka. Wakili alikuwa ameshaanza kutafuta gari lake, na mtu mmoja, kwa huruma, akampa sambusa ya njiani.

Katikati ya kelele Mama Bagula alishuka ngazi hadi kwa Mama Laurentine, ambaye bado alikuwa anausemesha ukuta. Akamshika mkono.

"Twende ndani tuimbe."

"Kwa mulango wa kando?"

"Wa kando nimeuchoka."

Mama Laurentine akavuta kitenge usoni kidogo, mwenzake akavuta chake. Watu wakawapisha. Walipanda ngazi pamoja, polepole, vichwa vimeinama, wakaufikia mlango mkubwa; na pale chini ya tao, wakidhani hakuna mkwe anayewaona, wote wawili wakainua macho.